Jibu la Kurithi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza na muhula umeanza, sijui nani amemfuata mwenzake. Chuo chetu kiko nyuma ya hospitali: majengo matatu, kibanda cha mlinzi na ngazi ndefu ya mawe inayopanda kutoka getini. Chumba cha vitendo kimeezekwa mabati na hakina dari. Mvua ikinyesha hatusikizani, na ndicho chumba tunachofundishiwa kusikiliza mioyo ya watu.

Nimepangiwa tena chumba kimoja na Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu hujiwasha alfajiri na hakuna aliyewahi kuona kitufe cha kumzimia. Amenipokea sanduku vizuri, halafu akaniuliza kwa sauti ya korido nzima kama ni kweli nilifeli kituo cha moyo, ile sehemu ya mtihani ya kusikiliza kifua cha mgonjwa, peke yangu, darasa zima. Ni kweli. Nitakirudia mwezi ujao wenzangu watakapokuwa wanafanya mtihani wao wa muhula huu, na nikianguka tena narudia mwaka.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumanne, 11 Machi

Leo amekuja Mzee Ngoma. Nimwandike vizuri, maana mwaka wangu wote umo kifuani mwake.

Ni refa mstaafu wa mpira wa miguu, mrefu, mwenye ndevu nyeupe alizozichonga kwa uangalifu. Miaka mingi iliyopita iligunduliwa kuwa vali moja, mlango wa damu moyoni mwake, imebana. Damu ikipita pale kwenye tundu dogo inavuma, na wakati huo, wanasema, ilivuma kiasi kwamba hata mwanafunzi mzembe aliisikia. Chuo kikamwomba awe anakuja kila Jumanne tumsikilize, na wanafunzi wa wakati huo wakampa jina la Ngoma. Alilipokea kama cheo. Kwenye mitihani ya moyo mgonjwa ni yeye, kila muhula.

Kwa hiyo jibu lake linarithiwa. Darasa linaloondoka huliachia linaloingia, pamoja na makoti yaliyofifia na birika la umeme lisilo na mfuniko: "Mvumo mkubwa, kulia juu ya kifua, unapanda shingoni, vali imebana." Redio analisema huku anapiga mswaki.

Na kama umelisahau, mzee mwenyewe atakusaidia. Ukiweka stetoskopu pasipo, anainua kidole kama mshambuliaji ameotea. Ukipata mahali penyewe, anafungua kiganja juu ya goti: mchezo uendelee. Wasimamizi wanaona na wanacheka.

Muhula uliopita mimi peke yangu nilijifanya mjuaji. Niliandika nilichosikia, yaani mvumo mdogo. Jibu lilikuwa mvumo mkubwa, nikapata sifuri. Safari hii nitaandika la urithi kama watu wengine wenye akili.

Jumatano, 19 Machi

Dada amepiga simu. Baada ya mama kufariki yeye ndiye aliyenilea, na bado hunisemesha kama nimechelewa shule.

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Baba anauliza mtihani wa kusikiliza utaurudia lini."

Nyuma yake nilisikia baba akimuuliza nimesema nini. Baba alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, na mngurumo wake ulimla masikio taratibu mpaka leo unamsemesha ukiwa umemshika bega. Mimi nimekulia kando ya mashine ile. Daftari zangu zote za shule zilikuwa na vumbi la unga, na hapa chuoni jina langu ni Unga. Sijamwambia mtu kwamba naogopa yale yaliyompata baba yameanza kunipata. Redio hajui, lakini kila nikimwambia arudie neno husema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nacheka. Inaniuma.

Jumanne, 25 Machi

Mvua ilinyesha kipindi chote. Redio aliweka stetoskopu kwa mzee, akavuta pumzi mbili, akakariri jibu na kupigiwa makofi. Mimi nilisikiliza mpaka foleni ikaguna. Nilisikia mabati.

"Leo mvua imetushinda, binti," alisema mzee. "Mechi imeahirishwa."

Alikuwa amechelewa. Mlinzi anasema alimkuta amekaa katikati ya ngazi, akamuuliza kulikoni, mzee akamjibu kuwa anahesabu wachezaji.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Mzee Ngoma kaja na ndala. Redio akamtania kwamba refa gani anaingia uwanjani na ndala, naye akasema viatu vimenyeshewa. Sijasikia kitu tena, na zimebaki wiki mbili. Usiku huu sina hamu ya kuandika zaidi.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejikaza nikaenda kliniki ya masikio. Muuguzi wa pale ni mama mnene asiye na haraka. Alinivalisha vile vikofia vya masikioni, akaniambia ninyooshe mkono kila nikisikia mlio, hata uwe mwembamba kiasi gani. Nilinyoosha, nikanyoosha, mpaka nikawa najiona mjinga.

Akanitazama. "Nani kakudanganya kwamba husikii?"

"Mtihani."

"Basi kaulize huo mtihani. Haya masikio ni ya paka."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Furaha ilinifikisha mpaka bwenini, na pale mlangoni ndipo kikaja kitu kingine kikanisimamisha. Kama masikio yangu ni mazima, basi muhula uliopita nilisikia sawasawa.

Jumanne, 8 Aprili

Leo haikunyesha. Andika, Unga, usiruke kitu.

Niliomba niwe wa mwisho. Wenzangu walipita mmoja mmoja, wakagusa kifua cha mzee kama watu wanaogusa mlango kuona kama umefungwa, wakakariri, wakaenda kula. Tukabaki wawili. Kimya kilikuwa safi, hata kijiko cha jikoni kilisikika.

Nikaweka stetoskopu. Mzee akafungua kiganja gotini.

Mvumo upo, lakini ni mdogo mno, kama mtu anayefagia chumba cha tatu. Nikashika mapigo ya mkono: membamba, yanachelewa kufika. Nikainama nikabonyeza kifundo cha mguu wake juu ya ndala, nikaondoa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale.

"Mzee wangu, miguu imevimba lini?"

"Hii? Ni uzee tu."

"Na ngazi je?"

"Ngazi zenu zimeongezeka."

"Unapumua vizuri ukilala?"

Akavaa shati. Alifunga vifungo taratibu, akikosea kimoja na kuanza upya. "Binti, mbona leo unaniuliza kama mgonjwa?"

"Mara ya mwisho kuonwa na daktari ni lini?"

Akacheka, akakatishwa na kikohozi. "Kuonwa? Mimi naonwa kuliko mtu yeyote humu hospitalini. Darasa zima mnanisikiliza kila wiki, mwaka hadi mwaka. Ningekuwa mbaya, si mngeniambia?"

Nilikaa na stetoskopu shingoni, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mzee huyu anaingia kwa geti la chuo, si la hospitali. Hapimwi presha, hafunguliwi faili, hapangi foleni ya dawa. Tunamtoa kila Jumanne kama ramani ya ukutani, tukimaliza tunamrudisha. Naye anarudi nyumbani na moyo mweupe, akijua amepimwa.

Nikamwambia aende kliniki leo hii, nitampeleka mwenyewe. Akakataa.

"Jumanne ijayo mna mtihani. Nikiingia wodini watanilaza, nanyi mtamsikiliza nani? Refa hatoki uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho. Tukimaliza nitakwenda. Neno langu."

Nikamkimbilia mkufunzi wa zamu. Alikuwa anapanga karatasi za mtihani. Aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Wewe si ndiye uliyefeli kituo hiki?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi jitahidi mazoezi. Mzee Ngoma tunamjua tangu hujazaliwa."

Nikauliza Daktari Subiri atarudi lini. Huyo ndiye mkuu wa somo, jina tumempa sisi kwa sababu neno lake kubwa ni hilo. Amesafiri kikazi, hapatikani kwa simu, atarudi siku ya mtihani yenyewe.

Redio alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida. Halafu akasema, "Andika jibu, Unga. Faulu kwanza. Mzee kakuahidi ataenda, si ataenda? Ukiandika mvumo mdogo mara ya pili watasema kichwa chako kibovu, si masikio."

Maneno yake yana akili. Ndiyo yanayoniudhi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kitabu kinasema hivi, kwa ufupi wangu: vali iliyobana huvuma kwa sababu moyo unasukuma damu kwa nguvu. Moyo ukichoka kusukuma, mvumo hupungua. Sisi tumekuwa tukidhani ukipungua ni mvua.

Nimemtuma mlinzi, ambaye ni jirani ya mzee, amsihi tena aende kliniki. Amerudisha jibu: "Mwambie kipenga bado."

Jumapili, 13 Aprili

Dada kapiga. Nikamwambia huenda nikarudia mwaka. Akauliza kama nimekula.

Jumanne, 15 Aprili

Mtihani.

Asubuhi anga lilikuwa limefunga lakini halijamwaga. Tuliitwa kwa zamu. Ndani ya chumba cha vitendo alikaa mtahini mgeni, bwana mwenye miwani na karatasi ya majibu mbele yake, na Mzee Ngoma kwenye kiti, kavaa shati la kijani alilonyoosha kwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikawa kama wembe. Kila aliyetoka alitoka anatabasamu. Redio alipita mlangoni akanibana kiwiko: "La urithi, Unga. Nakuomba."

Nilipoingia, niliazimia hivyo. Nisijipambe humu, hakuna atakayesoma zaidi yangu. Nilikuwa nimeshaamua kukariri, nifaulu, kisha nimshike mzee mkono nimpeleke kliniki mwenyewe dakika ile ile.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Karibu uwanjani." Aliyasema kwa vipande viwili, katikati akivuta pumzi.

Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu, na shati lile zuri limelowa mgongoni. Watu wote wale walikuwa wamempitia tangu asubuhi. Nikaweka stetoskopu. Kiganja chake kikafunguka gotini, lakini kilikuwa kinatetemeka, akakishikilia kwa mkono wa pili ili nisione. Alikuwa ananisaidia nifaulu. Pumzi hana, na bado ananionyesha mahali.

Hapo nikashindwa kuandika la urithi.

"Umesikia nini?" akauliza mtahini.

"Mvumo mdogo sana. Mapigo membamba. Miguu imevimba, midomo imebadilika, anashindwa kumaliza sentensi. Moyo wake umechoka. Huyu ni mgonjwa, naomba mtihani usimame."

Mtahini akatazama karatasi yake. "Jibu swali tu. Mvumo ukoje?"

"Nimeshajibu."

"Binti," mzee akanong'ona, akainua kile kidole. "Umeotea."

"Sijaotea, mzee wangu. Samahani."

Nikaenda kufungua mlango wa chumba cha pili, ambako Daktari Subiri alikuwa anasimamia kituo kingine, na begi la safari bado liko miguuni pake. Sijui nilimwambia nini. Alikuja. Na wakati ule ule mvua ikamwagika juu ya mabati kama mtu kapindua gunia la mawe.

Mtahini akafungua mdomo. Daktari akasema, "Subiri."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya mzee, akamshika mkono. Tukangoja. Watu wanne tukingoja mvua, na mimi nikatazama miguu iliyovimba ndani ya zile ndala. Mvua ilipopungua, aliweka stetoskopu na kusikiliza kwa muda mrefu, macho amefumba. Alipoyafumbua hakunitazama mimi.

"Mzee wangu, unalalaje siku hizi?"

Mzee Ngoma alitazama dirishani. "Nalala nimekaa," akasema. "Tangu mvua zianze."

Akaletewa kiti cha magurudumu. Alipopitishwa mlangoni, darasa zima limejaa korido, aligeuza shingo kunitafuta. "Umenitoa uwanjani mbele za watu," alisema. Hakuwa anatania.

Nimelia bafuni, nikafungulia bomba ili Redio asisikie.

Jumatano, 16 Aprili

Daktari Subiri kaingia darasani na karatasi zetu. Kazisoma moja moja, bila majina. Mvumo mkubwa. Mvumo mkubwa. Mvumo mkubwa, unapanda shingoni. Alipozimaliza hakugomba.

"Karatasi ya majibu niliiandika mimi," alisema, "na mimi mwenyewe nina zaidi ya mwaka sijakisikiliza kile kifua. Nililijua jibu, nikaona inatosha. Kwa hiyo sina wa kumlaumu humu. Lakini kituo cha moyo kimefutwa. Mtarudia wote, kwa mgonjwa msiyemjua."

Wote wakanigeukia. Waliokuwa wamefaulu jana leo hawajafaulu, na mchawi wao nimekaa safu ya mbele.

Jumatatu, 21 Aprili

Hakuna anayenisemesha. Kwenye meza ya chakula kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu. Hata Redio imezimika, na sikujua nitakuja kuitamani kelele ile. Mzee amepelekwa hospitali ya rufaa. Watambadilisha vali akipata nguvu ya kupasuliwa. Akipata.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Hakuna habari.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Hakuna habari.

Jumatano, 30 Aprili

Redio aliwaka ghafla, katikati ya kufua.

"Mimi sijawahi kusikia kitu kwenye kile kifua," alisema. "Hata siku moja. Nilidhani wenzangu mnasikia, nikaona aibu, nikawa nasema haraka haraka ili nisiulizwe."

Nikamtazama. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko.

"Kumbe ndiyo maana husemi pole pole," nikasema.

"Usinichekeshe, nimekukasirikia."

Tumesaidiana kukamua shuka. Baadaye nikamlaza kitandani, nikamvalisha stetoskopu yake mwenyewe, tukasikiliza moyo wake mpaka akausikia: pigo la kwanza, pigo la pili. Kisha akaomba tuusikilize na wangu.

Jumanne, 6 Mei

Tumerudia. Mgonjwa alikuwa mama mmoja mshonaji, hakuna aliyemjua, wala hakuinua kidole. Watu walitoka jasho. Nimefaulu kwa alama za kawaida kabisa. Dada kampigia baba kelele habari ile mpaka majirani wakajua kabla sijakata simu.

Jumanne, 13 Mei

Wamempasua jana. Yu hai. Daktari Subiri alitangaza kwa maneno hayo hayo, akageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Magodoro yote yako nje, chuo kinanuka pamba na dawa ya kunguni.

Jumanne, 10 Juni

Kipindi cha mwisho cha muhula. Mlango ulifunguliwa, na Mzee Ngoma akaingia akiwa amemshika mwanawe mkono, amekonda, amevaa viatu.

Nilisimama, sikujua niende au nibaki. Ndiye aliyenijia. Alinitazama kama refa anayefikiria atoe kadi gani.

"Nilikukasirikia," alisema. "Hata siku wananisukuma kwenda chumba cha upasuaji, nilikuwa nakusema."

"Najua, mzee wangu."

"Ngazi nimezipanda zote. Sijahesabu mchezaji hata mmoja." Akaniwekea mkono kichwani, mzito na wa moto, nikainama ili darasa lisinione uso.

Kisha akawa mnyonge kidogo. Akamwambia Daktari Subiri kwamba amekuja kuaga, maana vali ni mpya na mvumo haupo, na mtu asiye na mvumo ana kazi gani hapa. Daktari akamwonyesha kile kiti chake.

"Subiri," akasema. "Kaa kwanza."

Akamwita Redio. Redio akatoka mbele, akaliona kovu jekundu katikati ya kifua, akaweka stetoskopu kando yake. Juu ya mabati hapakuwa na kitu. Alisikiliza mpaka nikadhani amesahau kwamba tupo.

"Unasikia nini?" akauliza Daktari.

"Bado sijui," alisema Redio. "Naomba nisikilize tena."

Mzee Ngoma aliinua kidole kwa mazoea, akakitazama, kisha akaukalia mkono.